Kipimo Kilichoachwa Wazi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu wa mbali,

Salamu nitakupa mwishoni, kwanza niyateme yaliyonijaa. Maji ya mji huu yananuka. Si ile harufu ya dawa tuliyoizoea. Hii ni harufu ya tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Leo asubuhi nimejaza sufuria nikaona utando umetanda juu, ukiugusa unateleza. Nimemwaga yote. Chai nimeikosa, na unajua mimi bila chai ni mtu wa kukwepwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi ndiye ninayekaa kwenye chumba cha mtambo, mbele ya kompyuta inayotia dawa katika maji hayo hayo! Kila zamu naandika amri ya ile skripti uliyotuachia, programu fupi iitwayo tiadawa, nayo inanijibu kwa herufi za kijani: Tayari. Tayari ya nini, sijui. Zahanati imejaa watu wa kuhara, watoto wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Na Mjomba wako, ambaye kazini namwita Mkuu, nyumbani namwita Mjomba, na siku hizi moyoni nina jina la tatu, ametuambia kikaoni kwamba skripti yako imeoza. Maneno yake haya: "Mpwa wangu alituandikia uozo, kisha akajiendea zake."

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe za ofisi anazisoma yeye. Simu nayo siitaki. Nyumba yetu kuta zake ni kama hazipo, na kaka yako ni mume mzuri lakini mdomo wake hauna kifuniko, hasa mbele ya Mjomba wake. Barua nampa dereva wa gari la mapipa, anayekuja huko kwenu kuchukua dawa ya maji. Nawe nijibu kupitia kwake.

Sasa niambie ukweli. Uliacha nini ndani ya kile kitu? Kama ulilipua kazi, sema. Nitakukasirikia, halafu tutarekebisha.

Mama hajambo, anakusalimia.

Wifi yako wa mtamboni


Alhamisi, 7 Machi

Wifi,

Kulipua kazi! Mimi! Barua yako nimeisoma nimesimama getini, dereva akaniuliza kama kuna msiba.

Nakueleza tena kama nilivyowaeleza siku ile nikiwafundisha, wewe ukiwa umeshughulika na kucha zako. Ile amri ina maneno yanayoanza na vistari viwili. Hayo ni machaguo. Mengine yanajitosheleza: ukiandika --kimya, kengele hailii, basi. Mengine yanadai thamani: ukiandika --kipimo, lazima namba ifuate, ndiyo kiasi cha dawa kitakachokwenda kwenye maji. Sasa kompyuta haijui kwamba umesahau. Ukiandika --kipimo ukarukia --kimya bila kuweka namba katikati, inaliokota neno --kimya na kulifanya ndiyo kipimo. Mbuzi hachagui, anakula kilichopo mbele yake.

Kwa sababu hiyo niliweka mistari ya ukaguzi. Kinachofuata kikiwa si namba, au kikiwa ni sifuri, au kukiwa hakuna kitu, skripti inagoma. Inaandika kwa nyekundu "KOSA: --kipimo inataka namba", na haitoi amri yoyote kwa pampu mpaka mtu ajaze. Na ndiyo maana niliwafundisha ule utaratibu wa zamu. Anayetoka anaita amri ya mwisho kwa kitufe cha mshale wa juu, anafuta namba iliyopitwa na wakati, anaacha pengo. Anayeingia anapima maji kwanza, kisha anajaza pengo. Nilitaka mtu asitumie namba ya jana kwa uvivu. Pengo lilikuwa salama kwa sababu skripti ilikuwa mlinzi wake.

Kama sasa inawajibu Tayari juu ya pengo, basi kuna mkono umeingia. Na usininunie, wifi, lakini mkono ulio karibu ni wako. Ni wewe uliyekuwa ukilalamika kwamba nyekundu yangu inakupandisha presha. Umeifuta?

Fungua faili, nakili mistari inayoanzia pale kwenye neno kipimo, niletee kama ilivyo. Na hiyo "Mama hajambo" yako imekaa kihasarahasara. Anakunywa maji gani?

Wifi yako wa mbali


Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu mwenye ulimi wa wembe,

Nimenuna, na nitanuna mpaka Jumatano. Sikufuta kitu. Mtu wa kufuta mistari yako angetakiwa kwanza aielewe, na wewe mwenyewe umesema nilikuwa kwenye kucha.

Nimefungua faili. Ile mistari yako ya kugoma haipo. Mahali pake pameandikwa hivi, nakunakilia: kama kipimo si namba, kipimo = 0, endelea. Na juu yake kuna maelezo: "Imepunguzwa ukorofi. Mkuu."

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia, "Mkuu, huu mstari unatuma sifuri kwenye pampu halafu unatuambia tayari." Unajua alinijibu nini?

"Ule wa zamani ulinitia aibu mbele ya wageni."

Ndipo nikaikumbuka ile siku ya wageni. Alitaka kuwaonyesha mtambo mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu, akakuta pengo la zamu, akabonyeza tu. Nyekundu ikatokea kubwa, mgeni mmoja akacheka. Wageni walipoondoka alijifungia na kompyuta. Tangu siku hiyo, yeyote aliyesahau kujaza alijibiwa Tayari kwa kijani, akaenda zake kwa amani. Na wale wafanyakazi wapya aliowaleta bila kuwafundisha wanakuta amri imeshaandikwa, wanadhani kazi yao ni kubonyeza.

Jana tumefungua chujio. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Ute wa kijivu, mzito, umening'inia mpaka chini. Fundi bomba amekaa na sisi miaka na hasemi ovyo, lakini aliuangalia akaenda kutapika nyuma ya pampu. Maji yale yamepita humo yakaenda majumbani, wifi. Mimi nimeyapikia.

Sasa mimi nikiwa zamu najaza namba, na wenzangu nimewaambia. Lakini mabomba ya mji yameshachafuka. Watu wanatakiwa waambiwe wachemshe. Mjomba hataki. Anasema akitangaza ataulizwa sababu. Na mistari yako hataki kuirudisha, eti mkaguzi akiiona atauliza iliondoka lini. Faili kalifunga kwa neno la siri lake. Kusoma naweza, kugusa siwezi.

Mama anaendelea vizuri.

Wifi yako wa mtamboni


Jumatatu, 11 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku tunasukuma siku. Nimeona nikuandikie kwa posta, kwa utaratibu wa heshima, kwani mambo ya ofisi hayafai kupigiwa simu.

Kumetokea usumbufu mdogo wa maji. Watu wetu unawajua kwa kukuza mambo. Mtu akishiba kupita kiasi tumbo likamsokota, mkosaji ni bomba. Hata mama yako, ambaye tangu mwishoni mwa mwezi uliopita yuko wadi ya wanawake, mimi naamini ni umri tu. Nimempelekea matunda.

Pamoja na hayo, roho yangu inanituma niwatangazie wananchi wachemshe maji. Ila tangazo linahitaji sababu, na sababu inahitaji mwenyewe. Nimeandaa maelezo mafupi kwamba skripti ilikuwa na dosari tangu ulipoiandika. Ni maneno tu. Wewe uko mbali, hakuna atakayekugusa. Mimi nina wafanyakazi wanaonitegemea, na mmoja wao ni mke wa kaka yako. Sipendi kulazimika kumtazama yeye. Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu. Mimi ndiye niliyekutafutia kazi yako ya kwanza, na sijawahi kukukumbusha.

Nijibu kabla ya Ijumaa, tarehe 15. Usipojibu, nitachukulia umekubali.

Mjomba wako anayekupenda


Jumanne, 19 Machi

Wifi,

Barua ya Mjomba imenifikia leo. Leo ni tarehe 19. Ijumaa yake imeshapita, na alijua itapita, kwani namba yangu ya simu anayo na akachagua posta. Nimeisoma mara moja nikaenda kunawa mikono kwa sabuni. Nakuambia kweli tupu, nimenawa mpaka viganja vikakakamaa.

"Usipojibu, nitachukulia umekubali." Hicho ndicho alichoifanyia skripti yangu! Palipo na mtu ambaye hajajibu, anamjibia yeye, anaandika Tayari, anaondoka. Watoto wanalala wawili wawili, na yeye anawauza kwangu kwa saini: nipe jina lako, nitawaambia wachemshe. Nisingejibu hata kama barua ingewahi? Ningejibu. Aibu kubwa ni kwamba huenda ningekubali, ili tu watu wachemshe. Ndiyo maana sikuulizwa kwa simu. Alihofia ningesema kwanza "ndiyo", kisha nikamweleza kila mtu kwa nini.

Na wewe! Wadi ya wanawake! Wewe uliniandikia hajambo, ukaniandikia anaendelea vizuri. Mama yangu amelazwa na nimeambiwa na mtu yule, katikati ya sentensi, kati ya bomba na matunda. Nilimpigia kaka yangu simu palepale. Ameniambia, "Tutaongea ukishapoa," akakata. Kwa nini kaka yangu ananiongelesha kama mwizi? Nimeomba ruhusa kazini nije, nimeambiwa ningoje hadi mwisho wa mwezi.

Niambie kilichotokea Ijumaa. Usinipunguzie hata neno.

Wifi yako wa mbali


Alhamisi, 21 Machi

Wifi yangu,

Nisamehe kuhusu Mama. Alinikataza mwenyewe. Alisema, "Ukimwambia ataacha kazi aje kunikalia kichwani." Nikatii, nami nimejuta.

Ijumaa hakikutokea kitu. Jumamosi likapita gari la kipaza sauti, mtaa kwa mtaa. Likasema maji yachemshwe kwa siku tatu. Likasema chanzo ni kosa la mtu aliyeandika programu ya mtambo, ambaye amekiri kwa hiari yake. Wifi, jina lako halikutajwa, lakini mji mzima unajua nani aliandika. Jirani yetu, yule anayeniazima chungio na harudishi, aliniuliza kama ulilipwa ili utuue. Kaka yako aliingia ndani akafunga mlango.

Siku tatu zimekwisha, gari limepita tena: hitilafu imeondolewa, maji ni safi, kunyweni. Uongo! Mistari yako haijarudi. Jana asubuhi naingia zamu, nikamkuta mmoja wa wapya amebonyeza juu ya pengo, skrini inang'aa Tayari, pampu imelala. Nilijaza namba palepale. Na siku nisipokuwepo? Watu wameacha kuchemsha, wifi.

Nilirudi kwa Mjomba nikamwambia niko tayari kusema. Akaniuliza nitasema kwa nani, na atakayeniamini ni nani, nami ni wifi wa mkosaji. Alikuwa anajipaka mafuta ya mikono huku akiniuliza.

Sasa hili ndilo lililonizuia kulala. Mama alisikia tangazo akiwa wadini. Alijigeuza ukutani. Asubuhi akaniita, akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu nimemsamehe. Kila mtu hukosea kazini."

Hasikii jingine. Ukimtaja mdogo wake anasema, "Huyo nimembeba mgongoni mimi, anakuja kila jioni na matunda." Daktari kasema asishtuliwe, moyo wake umechoka. Kwa hiyo nakuomba, wifi, na hili ombi silipendi hata mimi: mwandikie tu kwamba umeshukuru. Akitoka hospitali tutaona.

Wifi yako wa mtamboni


Ijumaa, 22 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii atakusomea wifi yangu. Nimemwomba asiruke neno.

Umeniletea msamaha, nami nimekaa nao tangu jana. Nimeambiwa nishukuru, ninyamaze, ili moyo wako upumzike. Nimejaribu kuandika "ahsante Mama". Mkono umekataa. Sitaki msamaha huo, Mama. Si wangu.

Sikukosea na sikukiri. Skripti niliyoiandika ilikuwa ikigoma kila mtu akisahau kipimo cha dawa. Mdogo wako aliifuta hiyo sehemu ya kugoma kwa sababu ilimchekesha mgeni. Maji yakaenda bila dawa, ukayanywa. Aliponiandikia, alinipa siku ya mwisho ambayo barua yenyewe haikuiwahi, kisha akaufanya ukimya wangu kuwa ndiyo.

Ningekuwa nalilia jina langu tu, ningengoja upone. Ninakuvuruga leo kwa sababu mtambo bado ni ule ule. Juzi tu umetuma maji matupu tena, na watu wameambiwa wanywe. Neno la siri la lile faili analo yeye peke yake, na katika dunia hii sijaona mtu mwingine anayemwogopa isipokuwa wewe. Mwambie arudishe mistari. Wifi ataiandika, nimeiambatisha hapa.

Najua ulimbeba mgongoni. Najua kila jioni anakuja. Naumia kukuandikia haya kuliko nilivyoumia kuitwa muuaji. Ukinikasirikia, nikasirikie, Mama, lakini usinisamehe.

Mwanao


Jumatatu, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ninaketi, sijalala, kwa hiyo usianze kulia. Anayeandika ni wifi yako, maneno ni yangu. Mara ya kwanza alinisomea barua yako akirukaruka. Nikamjua kwa sauti. Nikamwambia rudi mwanzo, na usinifanye mtoto.

Nilikukasirikia. Nikasema huyu ana kiburi, hata kusamehewa hataki. Mchana kutwa nikawa nasukuma chakula pembeni. Wifi yako alitaka kumwita daktari, nikamtupia kijiko. (Ni kweli, alinitupia. Wifi.)

Jioni akaja yeye na matunda yake. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, maji yamepona?" Akasema, "Yamepona kabisa, dada. Nimesimamia mwenyewe." Nikamtuma wifi yako akinge glasi kwenye bomba la hapa wadini. Nikampa. Nikamwambia, "Umetoka juani, kunywa."

Akaishika. Akasema hana kiu. Nikamwambia anywe kidogo tu, anifurahishe. Akaitazama glasi, kisha akaiweka mezani kwa uangalifu. Akatoa leso mfukoni akafuta vidole vilivyolowa, kimoja kimoja. Kwa sababu ya maji ambayo mimi dada yake aliniacha niyanywe mwezi mzima.

Mwanangu, nimelea watoto, nimeuguza wazee, nimefua nguo za marehemu. Hakuna uchafu uliowahi kunitia kinyaa kama vidole vile.

Sikupiga kelele, wala moyo wangu haukusimama kama daktari alivyohofia. Nilimwambia andika neno la siri hapa, kwenye mfuko wa matunda. Akaanza kunieleza mambo ya utaratibu. Nikamwambia andika, la sivyo nitaanza kusema kwa sauti, na wadi hii ina vitanda ishirini vya wanawake walionyweshwa maji yake. Akaandika. Wifi yako akaenda mtamboni usiku uleule. Anasema leo asubuhi mmoja wa wapya amebonyeza bila kujaza, skrini ikawa nyekundu, kijana akaruka kwenye kiti.

Kisha nikasema kwa sauti vilevile. Sikumwahidi kwamba ningenyamaza. Wagonjwa wanaoruhusiwa leo wanatoka na habari, na wanachemsha. Kaka yako alikuja, amekaa nje kwenye benchi, hajui aanze kukupigia vipi. Mpigie wewe.

Kuhusu ule msamaha, umefanya vizuri kuukataa. Nilimwuliza mdogo wangu kama anautaka yeye. Akasema ana kikao.

Mama yako